Somo: Kukiweka Kipanya Mahali Pake ili Bega Lisichoke

Anayeshinda kwenye kompyuta akianza kuumwa bega la kulia hulaumu kiti, au mto aliolalia, ilhali mara nyingi chanzo ni umbali wa kipanya. Kibodi kamili ina vitufe vya tarakimu upande wa kulia, navyo hukisukuma kipanya nje ya usawa wa bega, hivyo msuli unaotoka shingoni hadi begani hulazimika kuubeba mkono kwa saa nyingi bila kulegea. Msuli uliokazwa mfululizo, hata kwa nguvu kidogo, hupata damu pungufu kuliko ule unaokazwa na kulegezwa, ndiyo maana kazi inayoonekana nyepesi huleta maumivu.

Hatua ya kwanza, yenye uzito kuliko zote, ni kukisogeza kipanya karibu. Legeza mabega, acha kiwiko kikae kando ya mbavu, kisha kunja mkono: kiganja kinapofikia ndipo mahali pa kipanya. Ikiwa vitufe vya tarakimu vinazuia na huvitumii, nunua kibodi fupi isiyo navyo kabla ya kufikiria kipanya cha bei kubwa.

Hatua ya pili ni kimo. Meza nyingi za ofisi zina sentimita 72 hadi 75, na mtu mfupi huinua bega ili aifikie. Pandisha kiti hadi kiwiko kilingane na uso wa meza. Miguu ikining'inia, rimu mbili za karatasi chini ya nyayo zinatosha.

Hatua ya tatu, shika bila kuminya, na ukisogeze kipanya kwa mkono mzima kuanzia kiwikoni badala ya kupinda kifundo.

Hatua ya nne hupuuzwa sana: unaposoma, kiachie. Wengi husoma kurasa nzima vidole vikiwa vimeinuliwa juu ya vitufe vya kipanya, na misuli ya kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, haipati nafasi ya kupumzika.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mimi ni mhasibu na siwezi kuacha vitufe vya tarakimu. Nifanyeje?

Hamishia kipanya kushoto, ambako hakuna vitufe vya kukizuia. Anza na kazi nyepesi, kwa kuwa mkono huchukua muda kuzoea, na utumie kipanya chenye umbo linalolingana pande zote.

Je, kipanya cha wima kinasaidia?

Hupunguza kupinduka kwa kigasha, kwa sababu kiganja hutazama ubavuni. Kikiwekwa mbali, bega litauma vilevile.

Ndugu mwalimu, usiku napata ganzi kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati.

Vidole hivyo huhudumiwa na neva inayopita katika mfereji mwembamba wa kifundo cha mkono, na huenda imebanwa. Rekebisha meza, lakini umwone daktari mapema, hasa ikiwa vitu vimeanza kukuponyoka mkononi.