Jinsi ya kufundisha kompyuta shule yenye mashine tano na watoto sitini

Sekondari nyingi za Tanzania hali ndo hii, kuna chumba kimeandikwa maabara ya kompyuta, ndani kuna mashine chache, zingine zimeletwa na UCSAF, mfuko wa serikali wa mawasiliano kwa wote, zingine za msaada zimeshachoka, na chumba muda mwingi kimefungwa kwa sababu mkuu anaogopa zitaharibika. Mtoto anasoma somo zima kwenye daftari, anakariri CPU na RAM, halafu mausi anaishika karibu na mtihani. Inauma kwa kweli. Sera ya elimu ya 2014 toleo la 2023 inasisitiza ujuzi, na ujuzi wa hivi haupatikani kwa kukariri. Kama ndo shule yako usisubiri mashine arobaini zije, anza na ulichonacho.

Wiki za mwanzo usiguse kompyuta kabisa. Kata boksi upate kadi tano, chora nukta 16, 8, 4, 2 na 1, kisha ita wanafunzi watano wasimame mbele kila mmoja na kadi yake, kubwa ikae kushoto kwa darasa. Waambie darasa wataje namba, tuseme 13, na nukta zinazoonekana zikijumlishwa zifike hiyo namba. Wa 16 anageuza kadi yake, wa 8 anaonesha, wa 4 anaonesha, wa 2 anageuza, wa 1 anaonesha, andika ubaoni 01101, aliyeonesha ni 1, aliyegeuza ni 0. Baada ya namba tano sita uliza kubwa kuliko zote hapo ni ipi, watafika 31 wenyewe, halafu omba 32 uwaache wahangaike mpaka mmoja aseme tuongeze mtu. Hapo baineri, yaani namba za 0 na 1 ambazo kompyuta inatumia, imeeleweka na umeme haujatumika. Michezo ya aina hii ipo mingi na ni bure, tafuta CS Unplugged, ilianzia chuo kikuu cha Canterbury huko New Zealand.

Mashine nazo zina kazi yake. Kama ni nzito na Windows imejaa virusi vya flashi, hamisha kwanza mafaili ya muhimu kisha weka Linux, mfumo endeshi wa kutumia badala ya Windows, iliyo nyepesi kama Lubuntu, ni bure na vile virusi vya shotikati havitakusumbua tena. Pakua vitu ukiwa mjini kwenye intaneti nzuri ubebe kwenye flashi: Thonny ya kuandikia Python, lugha ya kutengenezea programu, Kiwix yenye Wikipedia ya kusoma bila bando, na kama una mashine yenye Windows 10 weka Scratch 3, ya kutengeneza programu kwa kupanga vipande badala ya kuchapa, maana ina Kiswahili ndani, mtoto wa kidato cha kwanza anaanza bila kuogopa Kiingereza.

Sasa ratiba. Mashine tano, watatu kila moja, ni kumi na tano kwa mkupuo, kwa hiyo darasa la sitini lina makundi manne, na ukipata vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80, kila kundi linapata dakika 20. Ni chache, ndo maana anayeingia lazima awe na programu yake tayari kwenye karatasi. Mmoja anachapa, mwingine anamsomea, wa tatu anakagua, wanabadilishana. Waliobaki nje wanaandika yao au wanafuatilia programu ya mwenzao mstari kwa mstari wakitabiri itatoa nini. Usimwache mmoja tu ashike kibodi, mara nyingi ni yule ambaye nyumbani kuna laptop, na wasichana wengi huishia kuangalia.

Zoezi la kwanza la Python nalolipenda ni kujumlisha maksi. Wanaandika a = input("Hisabati: ") na b = input("Kemia: ") halafu print(a + b). Wanaingiza 40 na 35, inatoka 4035. Usiwape jibu haraka jamani, hii ndo dakika yenye faida kuliko zote, waache wabishane kwa nini imegoma kujumlisha mpaka waone kwamba kompyuta imezichukulia kama maandishi, ndo uwaoneshe int(input("Hisabati: ")), int inageuza maandishi kuwa namba. Na majina ya vigezo (variables), kama a na b hapo juu, waandike kwa Kiswahili, maksi, jumla, wastani, Python haina shida nayo.

Kuhusu funguo, kaa na mkuu muandikiane, chumba kifunguliwe mchana baada ya vipindi, wanafunzi wawili wa kuaminika wawe wasimamizi na daftari la kusaini, jina, namba ya mashine, saa ya kuingia na kutoka. Mkuu akiona kila mashine ina mtu wa kuulizwa ndo analegeza.