Kabla hujanunua unga Lubumbashi

Katika Soko la Kenya, soko la komuni iitwayo Kenya hapa Lubumbashi, Kongo, utaulizwa unataka meka ngapi. Meka ndicho chombo cha kupimia unga wa mahindi, bunga kama tunavyosema hapa, na mama muuzaji hukutajia bei ya meka, kilo haizungumzwi. Mtu aliyetoka miji midogo kama Pweto au Kasenga, aliyezoea bei ya kwao, husikia kiasi kidogo cha faranga akafurahi, kisha jioni anagundua bukari, yaani ugali, haitoshi watu wa nyumbani. Ndivyo ilivyonipata wiki yangu ya kwanza. Meka niliyopimiwa ilikuwa imebonyezwa kitako kuelekea ndani, na mimi nilikuwa nimekazia macho uso wa muuzaji. Tangu hapo, kila mdogo wangu anayekuja huku kusoma au kutafuta kazi namwambia kabla hajapanda gari: tazama chombo kwanza, bei uulize baadaye.

Kutazama chombo maana yake ni kukishika. Msalimie mama, "Jambo mama", uombe kuona meka, upitishe vidole kitakoni. Hakuna anayechukia ukifanya kwa heshima. Wanaouza kwa haki hukupa wenyewe. Kisha angalia kama anajaza mpaka kilima kisimame juu au anapitisha kiganja na kukisawazisha. Hiyo ni bei mbili tofauti hata kama namba ni moja. Nyanya na vitunguu huuzwa kwa mafungu, na fungu zuri huwa zuri juu, kwa hiyo omba kuona zilizo chini. Ukishapata watu wawili watatu wa kupanga nao, acheni meka, mchange gunia la kilo 25.

Bei ya unga itakushangaza pia kwa namna inavyopanda na kushuka. Sehemu kubwa ya mahindi na unga tunaokula hupita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita zipatazo 90 kutoka hapa. Zambia ikizuia mahindi yasitoke, au malori yakikwama mpakani, meka inapanda bei ndani ya siku chache. Mwaka 2024, ukame ulipokausha mashamba ya Zambia, familia nyingi hapa zilipunguza bukari. Hata mwaka wa kawaida, Desemba hadi Februari ni miezi migumu, kwa sababu mavuno ya zamani yameisha na mapya bado yako shambani. Kama safari yako inaangukia miezi hiyo, ongeza pesa ya chakula katika hesabu zako, au njoo na unga wa kwenu.

Pesa nazo zina masharti yake. Noti kubwa ya faranga ni ya 20,000, na mama anayeuza lengalenga (mchicha) asubuhi hana chenji yake. Vunja pesa kabla ya kuingia sokoni. Dola zinapokelewa karibu kila mahali, ila kila mtu atazikagua kama daktari: pembe iliyochanika kidogo, alama ya wino, noti ya toleo la zamani, vyote vinakataliwa, na noti ya dola moja wengi hawaitaki kabisa. Kwa hiyo nawe uikague noti kabla hujaipokea, kwa sababu ikishaingia mfukoni mwako ni mzigo wako. Kwa kambisti, mbadilisha pesa wa barabarani, uliza bei ya siku kwa watu wawili, hesabu mbele yake, usiondoke ukiwa unahesabu. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinafanya kazi, na afadhali ulale na pesa kwenye simu kuliko kuzunguka nazo katika msongamano.

Masoko ni mengi. Lubumbashi ina komuni (manispaa) saba na kila mtaa una mahali pake pa kununua mboga. Soko la Kenya lina wingi na bei nafuu, lakini nenda asubuhi, na mara ya kwanza nenda na mwenyeji. Soko la Mzee Kabila, mjini kati, linafaa ukitaka vyombo na nguo pamoja na chakula katika safari moja. Begi libebe mbele. Maduka makubwa ya mjini yana maziwa, mkate na vitu vya makopo vyenye bei iliyoandikwa. Nenda huko kwa maziwa ya mtoto na dawa ya meno, mboga ziache.

Mboga zioshe zaidi ya ulivyozoea kijijini. Huu ni mji wa migodi, na vumbi la shaba na kobalti hukaa juu ya majani, hasa kiangazi, Mei hadi Septemba, ambapo mvua haioshi chochote. Mimi huosha sombe (kisamvu) na kalembula (matembele) mara tatu, maji ya mwisho yakiwa safi.

Mvua zikianza, barabarani utaona mabeseni ya bowa, yaani uyoga, na ya viwavi, vinkubala, kutoka misitu ya miombo. Ni chakula kizuri sana, na wengi wetu tunausubiri msimu huo mwaka mzima. Vinkubala vikavu nunua bila wasiwasi, ukinusa kama havijaota ukungu. Bowa ni jambo jingine: uyoga wenye sumu unaweza kufanana na ule unaoujua kwenu, kwa hiyo nunua kwa mama ambaye wenyeji wako wananunua kwake miaka yote, na mtoto wa barabarani mwenye mchanganyiko wa aina tano umpite.

Samaki wa Ziwa Mweru wanakuja kutoka Kasenga na Kilwa. Desemba hadi mwisho wa Februari upande wa Zambia uvuvi hufungwa ili samaki wazaane, na wabichi huadimika. Watu hugeukia ndakala, samaki wadogo wakavu, na thomson, samaki wa baharini wanaoletwa wakiwa wamegandishwa. Kwa thomson, kumbuka kwamba umeme hukatika hapa, wakati mwingine siku nzima. Angalia chini ya katoni: barafu yenye rangi ya damu inaonyesha samaki waliyeyuka wakagandishwa tena. Jicho lililozama na tumbo lililopasuka, achana naye hata akiwa nusu bei.

Kula nje ni rahisi ukijua unaingia wapi. Kwenye malewa, vibanda vya chakula cha bei nafuu, sahani ya bukari na mboga inakuja na bei moja; uliza kama nyama imo. Angalia wanavyoosha sahani, na kama ndoo ya maji ya mikono haipo au haina sabuni, toka. Kipindupindu kimeshapita hapa zaidi ya mara moja. Maji kunywa ya chupa iliyofungwa, na munkoyo, kinywaji cha mahindi, kunywa nyumbani kwa mtu, ambapo unajua maji yametoka wapi. Kikanda, kile kinachokatwa vipande kama soseji, hakina nyama. Ni mizizi ya okidi na karanga, nacho ni kitamu. Michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, utaifuata kwa harufu, hasa komuni ya Kamalondo jioni. Chagua kipande cha mbuzi mwenyewe, mkubaliane bei kabla kisu hakijakigusa, kwa sababu nyama ikishakatwa na kutiwa pilipili huna tena la kubishana. Mikahawa ya mjini huandika bei kwa dola, na wengine huongeza kodi ya ongezeko la thamani, TVA, asilimia 16, mwishoni. Muulize mhudumu kabla ya kuagiza, na uwe na pesa hiyo mfukoni.

Siku ya kufika usipange kununua chochote. Njoo na samaki wakavu na karanga za kwenu, vya kukutosha siku mbili na sehemu ya kumpa mwenyeji wako. Utakula navyo huku ukiuliza bei bila haraka, na siku ya tatu mama wa meka atakuwa ameshakujua kwa jina.