Mwenzako wa Zamu Anapotegea: Namna ya Kumwambia Ukiwa Ughaibuni

Miaka yangu ya mwanzo Uingereza nilifanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Tulikuwa wawili kwenye ghorofa yetu, na mwenzangu, mwenyeji wa huku, alikuwa na kipaji cha kupotea kila kengele ilipolia. Nikavumilia wiki tatu. Ya nne nikamrushia kijembe kama tunavyofanya kwetu: huku nakunja mashuka, nikasema kwa sauti kwamba humu kuna waliokuja kazini na kuna waliokuja kulala. Akaitikia kwa kichwa. "Kweli kabisa," akasema, "hasa wale wa mchana." Akarudi kwenye simu yake.

Mtu aliyekulia Tanga au Mombasa angekidaka kijembe kile kabla sijamaliza kusema, na angenirudishia kikali zaidi. Sisi tumelelewa na mafumbo. Kanga husema yale ambayo mvaaji hawezi kuyatamka, na kumkosoa mtu mzima usoni ni sawa na kumvua nguo. Ukifika huku una mambo mawili tu mkononi, fumbo na kimya. Fumbo halieleweki, na kimya kinachukuliwa kuwa umeridhika. Halafu kuna lile la tatu, ambalo nimeliona likiwaponza wengi: unameza miezi sita, siku moja unalipuka mbele ya watu, na anayeitwa ofisini ni wewe uliyepiga kelele. Aliyekuwa analala hakuna anayemkumbuka.

Kabla ya yote, hakikisha ni uvivu kweli. Huenda mwenzako ana matatizo ya mgongo na amepunguziwa kazi za kunyanyua, na meneja hana ruhusa ya kukutangazia ugonjwa wake.

Ukishajiridhisha, mwambie mwenyewe, mkiwa wawili, na usingoje hasira ijae. Anza na tukio, taja saa, eleza limemwathiri nani, kisha toa ombi. Kwa mfano: "Jana saa 5 usiku nilikungoja dakika 20 chumba cha 4. Ile mashine ya kunyanyulia inataka watu wawili, na mzee alikaa amelowa muda wote ule. Leo kengele ikilia naomba twende pamoja." Angalia neno "mvivu" halimo. Ukimwita mvivu atatetea utu wake, na ana haki. Ukimtajia saa 5 na dakika 20 hana pa kushika. Usitangulize samahani tatu wala usicheke kicheko kile cha aibu, maana atadhani ni utani.

Asipobadilika, andika. Daftari dogo linatosha: tarehe, saa, kilichotokea, ulichomwambia na alichojibu. Ukiandika kwa Kiingereza chunga saa zetu, kwa kuwa ukichoka usiku utaandika 2 ukimaanisha 8, na ushahidi wako wote utaonekana wa uongo. Majina ya wagonjwa usiyaweke kwenye daftari lako binafsi. Na usimpige picha mtu akiwa amelala, sembuse kuirusha kwenye kundi la WhatsApp. Kosa lake litasahaulika, lako ndilo litakalochunguzwa.

Kwenda kwa meneja ndiko kunakotushinda, kwa sababu kwetu anayepeleka habari juu huitwa mnoko. Huku, suala la usalama wa mgonjwa likijulikana baadaye, utaulizwa kwa nini ulijua na hukusema. Uingereza utaratibu ni kuanza kwa mazungumzo ya kawaida, yakishindikana unaandika malalamiko rasmi, na kwenye kikao cha malalamiko hayo kwa kawaida una haki ya kuingia na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Acas, shirika la umma linaloshughulikia migogoro ya kazini, hutoa ushauri bure. Najua wenye viza inayodhaminiwa na mwajiri wanaogopa, na si woga wa kijinga: ajira ikikatika, mara nyingi unapewa siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Basi jiunge na chama mapema, wakati hakuna ugomvi. Vyama vingi havichukui kesi iliyoanza kabla hujawa mwanachama.

Tusidhani pia kwamba Wazungu wote husema waziwazi. Mholanzi anaweza kukwambia katikati ya kikao kuwa ripoti yako haifai, kisha akakualika kahawa, na hana kinyongo. Mwingereza akikwambia "labda ungefikiria kufanya hivi," hiyo ni amri. Hata Mjerumani, anayesifiwa kwa kunyoosha maneno, ana mafumbo yake. Cheti cha kazi cha huko, Arbeitszeugnis, kinatakiwa kiwe cha kweli na pia kisimharibie mtu maisha, kwa hiyo waajiri wamejitungia lugha. Ukisoma kwamba mfanyakazi "alijitahidi", ujue alishindwa. Bibi yangu angekisoma cheti hicho bila mkalimani.

Ukikosolewa wewe, usiinamishe macho na kuitikia "ndiyo, ndiyo". Kwetu ni adabu, huku huonekana hujali. Mwangalie, omba mfano mmoja, rudia kwa maneno yako ulivyoelewa, sema utarekebisha lini. Kama ukosoaji unakuangukia wewe peke yako huku wengine wanafanya yaleyale, hilo ni suala jingine, na lile daftari litakusaidia hapo pia.

Kigumu kuliko vyote ni anayetegea akiwa wa nyumbani. Pengine ndiye aliyekupokea uwanja wa ndege, akakutafutia hiyo kazi, na mnapanga nyumba moja. Anajua hutamsema, na ndiyo maana anategea kwenye zamu yako. Huyu usimwambie kazini mbele ya wageni. Mngoje nyumbani, mkishakula, umpe heshima yake kama kaka: "Kaka, fadhila zako sijazisahau. Lakini mara 2 wiki hii nimesaini karatasi kwamba tumemgeuza mgonjwa wawili, na nilikuwa peke yangu. Sitasaini ya tatu." Sema hivyo, na ya tatu usisaini kweli, kwa kuwa karatasi hiyo ina jina lako na likitokea la kutokea utajibu wewe. Atanuna. Wangu alinuna wiki mbili, akawa anapika chakula cha mtu mmoja, na zamu iliyofuata aliwahi kufika kuliko mimi.