Somo: Namna ya kukosoa programu huria inayosumbua kwenye simu

Wiki hii nimeulizwa mara nne kuhusu watengenezaji wa programu huria (zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote), "Hawa watu nawaambiaje kuwa programu yao inasumbua kwenye simu?" Naandika hapa, atakayeuliza tena nitamleta huku.

1. Sasisha programu, kisha jaribu tena.

2. Ingia ukurasa wa mradi kwenye GitHub au GitLab (tovuti ambako wasanidi, yaani watengenezaji wa programu, huweka kazi zao na kupokea ripoti), tafuta kama tatizo limesharipotiwa. Angalia na ripoti zilizofungwa.

3. Eleza simu yako. Hapa niliharibu. Tulikuwa Bahi tukikusanya taarifa za wakulima wa mpunga kwa programu ya fomu, kitufe cha kuhifadhi kikawa hakionekani. Nikaandika, "Kitufe hakipo, rekebisheni." Msanidi akajaribu kwake, akakiona, akaniuliza natumia simu gani. Nilikasirika, sikujibu, ripoti ikafungwa. Baadaye sana ndipo nikagundua kuwa nilikuwa nimekuza maandishi kwenye mipangilio ya simu, na maandishi makubwa yalikisukuma kitufe nje ya skrini. Hitilafu ilikuwepo kweli, ila maelezo ya kuipata nilikuwa nayo mimi peke yangu. Kwa hiyo taja aina ya simu, toleo la Android, toleo la programu, ukubwa wa maandishi, na kama umeishika wima au kwa ulalo. Usiandike "simu ya kawaida". Na ukiulizwa, jibu! Wengi wao wanajitolea usiku baada ya kazi.

4. Ripoti moja, tatizo moja.

5. Weka picha ya skrini, lakini futa kwanza majina na namba za watu. Ukurasa ule unaonwa na dunia nzima.

6. Sema ulitaka kufanya nini na kikatokea nini. "Vitufe vidogo" haitoshi. "Nikigusa Hifadhi, kidole kinaangukia Futa" inaeleweka. Google inashauri eneo la kugusa lisipungue dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa wa vitu kwenye skrini), karibu milimita 9.

MASWALI

Mkuu, nimeripoti wiki tatu kimya. Wavivu hawa!
— Ripoti yako nimeisoma. Mstari mmoja, hakuna toleo, hakuna picha. Hatua ya 3.

Kaka, Kiingereza changu cha kuungaunga.
— Sentensi fupi zinatosha, dada. Rekodi skrini sekunde kumi, uambatanishe.

Nikiwa juani hapa Nkuhungu, maandishi ya kijivu siyaoni kabisa. Kosa la programu au la jua?
— Swali zuri sana. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa zitumike na watu wote, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa 4.5 kwa 1. Chukua picha ya skrini, toa namba za rangi zote mbili, ziweke kwenye kikokotoo cha utofauti wa rangi kilicho kwenye tovuti ya WebAIM. Kijivu #999999 juu ya nyeupe hakifiki hata 3. Ukiwapelekea namba hiyo, na ukawaambia watu wanaifanyia kazi shambani saa saba mchana, wana pa kuanzia.

Nimepima, ni hiyo hiyo #999999! Halafu kwangu "Mipangilio" inakatika, inasomeka "Mipang".
— Hiyo ni ripoti ya pili, usiichanganye na ya rangi. Kama wanatafsiri kwa Weblate (tovuti ya kutafsiri maneno ya programu), usikimbilie kufupisha neno. Waombe kitufe kitanuke, maana Kijerumani nacho kina maneno marefu. Ukishaituma weka kiungo hapa, nitaijaribu kwenye simu yangu niongeze majibu yangu chini yake.