Hedi gasketi ikiungua kwenye pikapu ya dizeli: namna ya kuibadilisha isirudi kuungua

Msimu wa karafuu ukifika Pemba pikapu zinapakiwa mpaka springi zinalala, magunia juu, watu juu ya magunia, halafu vilima vya Chake mpaka Mkoani vinazisubiri. Ndo wakati gari nyingi zinachemsha. Kwahiyo nimeona niandike hii kazi yote ya kubadilisha hedi gasketi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini) kwa mwenye Hilux ya dizeli, hasa hizi za injini ya 3L na 5L zilojaa visiwani kwetu, mana naumia kuona mtu anafunguliwa hedi mara mbili tatu kwa mwaka mmoja na kila mara anaambiwa gasketi ilikuwa feki. Ziko feki kweli, sikatai, lakini mara nyingi gasketi iliungua kwa sababu injini ilichemsha, na kilochoifanya ichemshe bado kimo ndani ya gari.

Kwanza uhakikishe ndo yenyewe. Maji ya rejeta yanapungua na huoni yanapovujia, moshi mweupe unatoka ekzosi hata injini ikishapata moto, ukichomoa kijiti cha oili unakuta rangi ya chai ya maziwa, au asubuhi gari haijawashwa mpira wa juu wa rejeta ni mgumu umejaa presha. Kipimo kizuri zaidi: injini ikiwa BARIDI fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji mpaka juu, mtu awashe, uangalie. Mapovu yakija mfululizo bila kukatika hiyo ni presha ya silinda inaingia kwenye maji. Injini ya moto usiguse kile kifuniko hata kama una haraka, maji yale yanaruka usoni na yanababua vibaya.

Ukishajua, toa terminali ya betri, mwaga maji na oili kwenye ndoo (usimwage chini jamani, visima vyetu vingi havina kina na jiwe la huku linapitisha kila kitu). Kabla hujalegeza mkanda wa taiming zungusha krenki kwa spana mpaka alama za puli ya krenki, ya kemshafti na ya pampu ya dizeli zikae mahala pake, kisha zipake rangi uzione. Piga picha kwa simu kila upande, mabomba ya nozeli, hosi, waya za plagi za moto, zote. Mabomba ya nozeli ukishayatoa ziba midomo yake kwa nailoni safi, mchanga kidogo tu ukiingia huko nozeli imekwisha.

Bolti za hedi zinalegezwa kuanzia pembeni kuja katikati, kidogo kidogo kwa mizunguko kadhaa. Usianze katikati, hedi inapinda. Ikigoma kunyanyuka usichomeke bisibisi kati ya hedi na bloku, utaacha mchubuko ambao hakuna gasketi itakayouziba, itikise kwa ubao. Ni nzito, muwe wawili.

Sasa hapa ndo pa kutulia. Iangalie gasketi ya zamani kabla hujaitupa. Utaona pahala pamekuwa peusi au pameliwa kati ya silinda na silinda au kati ya silinda na tundu la maji, hapo ndo palipopitisha, na sehemu hiyohiyo ya hedi na bloku uikague kuliko kwengine. Pia isome alama yake, gasketi za injini hizi zinakuja unene wa aina tatu, B, D na F, kwa sababu pistoni zinapofika juu zinachomoza kidogo kupita uso wa bloku na unene unachaguliwa kwa kupima huko kuchomoza. Kama bloku haijachongwa wala pistoni hazijabadilishwa nunua herufi ileile ya mwanzo. Muuza duka akikwambia zote sawa, mwambie hapana.

Safisha nyuso zote mbili kwa kikwangulio au wembe, taratibu. Ile disiki ya greinda wanayoipenda mafundi wengi siikubali kabisa, inachimba chuma na vumbi lake linaingia kwenye oili linakwenda kula beringi. Halafu weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi, kwa urefu, kwa upana, na pembe kwa pembe, umulike tochi nyuma yake, na ujaribu kupitisha fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi) chini. Kama ya milimita 0.10 inapenya usibishane nayo, hedi iende mashine. Na ikienda huko waambie waipime nyufa kwa presha pia, hasa kati ya valvu na valvu, mana hedi yenye ufa ukiifunga na gasketi mpya itachemsha vilevile. Walioko Pemba wengine wanaipakia kwenye boti iende Unguja au Dar, ni usumbufu lakini bora huo. Ikishachongwa ulizia valvu zimezama kiasi gani na vile vyumba vidogo vya moto vilivyomo kwenye hedi kama vimechomoza, dizeli nafasi kati ya valvu na pistoni ni ndogo sana.

Matundu ya bolti kwenye bloku yakaushe kwa upepo mpaka chini. Maji au oili ikibaki mle, bolti inabana kimiminika badala ya hedi, spana inakwambia imekaza kumbe bado, au bloku inapasuka. Gasketi weka kavu, silikoni usipake.

Kukaza: nyuzi za bolti tia oili nyepesi, anza katikati kwenda pembeni kwa mzunguko, bila spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kazi hii usiifanye, azima. Kwa 3L na 5L zote zifike 78 Nm kwanza, kisha paka nukta ya rangi mbele ya kila bolti (rangi ya kucha inatosha), zungusha kila moja nyuzi 90 (robo mzunguko), halafu tena nyuzi 90, nukta zote ziwe zimegeukia nyuma. Bolti iliyovutika ikawa nyembamba shingoni tupa.

Mkanda wa taiming weka mpya ukiwa umeshafungua, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili uone alama zimerudi.

Turudi kwenye chanzo. Rejeta zetu zinakufa kwa maji ya kisima, yana chokaa, na ya karibu na pwani yana chumvi juu yake, mirija inaziba. Ipeleke ikafunguliwe kofia isuguliwe, thermostati, ile valvu inayofungulia maji injini ikipata moto, weka (kuitoa si dawa), jaribu feni kama inashika injini ikiwa ya moto, kifuniko cha rejeta badilisha, na tia kulanti (dawa ya maji ya rejeta) na maji safi yasiyo ya kisima.

Oili mpya na filta, toa upepo kwenye njia ya dizeli kwa pampu ya mkono, washa kifuniko cha rejeta kikiwa wazi uongeze maji mpaka mapovu yaishe. Tembea bila mzigo, asubuhi yake angalia maji na oili, na baada ya kama wiki ya kazi nyepesi mwaga tena ile oili, mana mabaki ya maji yanakuwa bado yamo kwenye injini. Magunia yapakie baada ya hapo.