Kuunda mashine ya kutoboa roli za piano inayojipiga

Piano ya roli hupiga kwa nguvu ya hewa. Ukikanyaga pedali, mivukuto ya chini hufyonza hewa kutoka ndani ya kifaa chote. Roli, yaani karatasi ndefu iliyotobolewa wimbo, hupita juu ya upau wa shaba wenye safu ya matundu, na tundu la karatasi likikutana na tundu la upau, hewa huingia, vali hufunguka, mvukuto mdogo wa noti ile hujikunja na nyundo hugonga waya. Kwa hiyo mashine yetu ina kazi moja tu: kuweka tundu mahali pake hasa. Mwendo wa kasi waachie wenye viwanda. Panchi moja (pini ya kutobolea) inayotembea kushoto na kulia inatosha kabisa, na kwa maoni yangu ndiyo inayomfaa anayeunda mashine hii kwa mara ya kwanza.

Hatua ya 1: Vipimo

Mwaka 1908 watengenezaji wa Marekani walikutana Buffalo, New York, wakakubaliana kipimo kimoja: roli ya noti 88 iwe na upana wa inchi 11¼, na matundu yapangwe 9 kwa kila inchi. Roli za zamani za noti 65 zina matundu 6 kwa inchi, hivyo kagua upau wa piano yako kabla hujanunua hata skrubu.

Tisa kwa inchi ni milimita 2.8222 kutoka noti hadi noti. Usiandike 2.8 kwenye programu itakayoendesha mashine. Tofauti ya 0.0222 inaonekana si kitu, lakini noti ya 88 iko nafasi 87 kutoka ya kwanza, na mara 87 inakuwa karibu milimita 2. Hapo umeshasogea theluthi mbili ya njia kuelekea noti ya jirani. Kokotoa kila noti kuanzia ya kwanza: namba ya noti toa 1, zidisha kwa 25.4, gawanya kwa 9. Kadiria mwishoni tu, unapobadilisha kuwa hatua za mota. Nafasi ya noti ya kwanza kutoka ukingo wa karatasi ipime kwenye roli ya zamani inayocheza vizuri.

Hatua ya 2: Panchi na dai

Hapa ndipo pesa na subira yako ziende. Karatasi nyembamba ni ngumu kuikata kuliko bati, maana inapenda kujikunja na kuingia shimoni bila kukatika. Pengo kati ya panchi na dai (bamba la chini lenye tundu ambamo panchi huingia) liwe dogo kiasi kwamba panchi inateleza kwa mafuta kidogo bila kucheza hata chembe.

Kwa panchi, nunua pini ya chuma kigumu ya milimita 1.8, ile inayotumika kwenye moldi za plastiki kusukumia bidhaa nje. Inakuja ikiwa imeshasagwa kwa kipimo sahihi. Dai na kiongozi cha panchi (bamba la juu linaloinyoosha panchi) vibane pamoja kwenye jiliwa na uvitoboe kwa mkupuo mmoja, ili matundu yake yawe mstari mmoja. Kisha weka vipande vyembamba vya bati pembeni kuacha upenyo wa karatasi katikati. Ncha ya panchi isage kwa mshazari kidogo, ikate kama mkasi kuanzia upande mmoja.

Jaribu kwa mkono kwanza. Chukua kidonge cha karatasi kilichodondoka ukitazame kwa lenzi. Kikiwa duara safi, endelea. Kikiwa na nyuzinyuzi ukingoni, au kimebaki kikining'inia kwenye karatasi, rudi kwenye dai. Hakuna programu itakayokusaidia.

Hatua ya 3: Mota na umeme

Solenoidi (koili ya sumaku-umeme inayosukuma fimbo) ya volti 24 inapiga panchi, springi inairudisha. Weka diodi sambamba na solenoidi, la sivyo utaunguza transista inayoiwasha. Ongeza kihisi kinachothibitisha kwamba panchi imepanda, na mota zisisogee kabla ya taarifa hiyo, kwa sababu panchi iliyokwama huchana mita nzima ya karatasi.

Kichwa kinachobeba panchi kitembezwe kwa mkanda wa meno na mota ya hatua, yaani inayozunguka kidogo kidogo kwa hatua zinazohesabika. Mota ya hatua 200 kwa mzunguko, kila hatua ikigawanywa mara 16, na puli ya meno 20 yenye milimita 2 kati ya jino na jino, inakupa hatua 80 kwa milimita. Usahihi huo unatosha. Karatasi ivutwe na rola mbili za mpira zinazoibana. Usiivute kwa spuli ya kukunjia, kwani spuli hunenepa na vipimo vyako vyote vya urefu vitahama.

Hatua ya 4: Kutoka faili ya MIDI hadi matundu

MIDI ni faili ya kompyuta inayoorodhesha noti za wimbo kwa namba na wakati wake. Noti za piano humo ni 21 hadi 108. Toa 20 upate namba yako. Roli ya mwendo wa 70 hukimbia futi 7 kwa dakika, sawa na milimita 35.6 kwa sekunde, hivyo kila milimita ni kama sehemu 28 za elfu za sekunde.

Noti ndefu usiitoboe kama mfereji mmoja, karatasi itachanika. Anza na matundu mawili yanayoingiliana ili noti iitike haraka, kisha endelea na matundu yaliyoachana kidogo. Kidaraja kinachobaki kikiwa kifupi kuliko tundu la upau, hewa haikatiki na noti haitanyamaza. Noti ikirudiwa, fanya kinyume: acha karatasi nzima iliyo ndefu kuliko tundu la upau, vali ipate kufunga.

Matundu 10,000 kwa kasi ya matatu kwa sekunde yatachukua karibu saa moja. Conlon Nancarrow, Mmarekani aliyehamia Mexico City, alitoboa roli zake kwa mkono, tundu baada ya tundu, akatunga muziki ambao vidole kumi haviwezi kuupiga.

Hatua ya 5: Kasi inayopanda

Piano huzungusha spuli ya kupokea kwa mzunguko uleule, na kadiri karatasi inavyojikunja juu yake, mwendo unaongezeka. Karatasi ya milimita 0.08, urefu wa mita 6.4 (wimbo wa dakika tatu hivi), kwenye spuli yenye kipenyo cha milimita 50, itaishia ikienda haraka kwa takriban asilimia 12. Tanua nafasi za matundu taratibu kuelekea mwisho kwa kiasi hichohicho.

Karatasi yenyewe iache siku mbili tatu kwenye chumba chenye piano kabla ya kuitoboa, maana unyevu huipanua kwa upana. Ukimaliza, kata mwanzo wake uwe mwembamba kama ulimi, gundisha kipete cha kunasa kwenye ndoano ya spuli, na uandike 70 kwa kalamu juu yake.