Namna ya Kumkagua Mnyama wa Kauri ya Kale ya Uingereza

Mtu akikuletea hapa Mwanza sanamu ndogo ya kondoo aliyelala, au ndege wa urefu wa kidole, akasema ni kauri ya Uingereza ya karne ya 18, usianze na uso wake. Mnunuzi makini wa samaki pale Mwaloni hufunua matamvua kabla ya kuuliza bei. Nawe mgeuze mnyama, kwani kitako ndicho chenye habari. Tandika kwanza kitenge kilichokunjwa mezani, kisha umshike kiwiliwili, kamwe si sikio wala pembe.

Viwanda vya mwanzo, yaani Chelsea na Bow vya London pamoja na Derby, vilivyoanza kati ya miaka ya 1740 na 1750, vilitengeneza kauri laini, yaani inayochomwa kwa joto la chini kuliko kauri ngumu ya aina ya Kichina. Bow walichanganya majivu ya mifupa katika udongo wao. Basi tafuta mahali palipomeguka, umulike kwa tochi ya simu: kauri laini huonyesha chembechembe kama sukari iliyogandamana, ilhali kauri ngumu hung'aa kama kioo kilichovunjika. Sanamu za Derby zilisimamishwa tanurini juu ya vidonge vya udongo, ndiyo maana mara nyingi utakuta madoa matatu au manne yaliyofifia chini yake, nami huyaamini madoa hayo kuliko alama yoyote iliyochorwa.

Alama yenyewe huwapotosha wengi. Nanga nyekundu ya Chelsea, ya takriban 1752 hadi 1756, ni ndogo mno, haizidi punje ya mchele, na aghalabu imejificha nyuma ya sanamu. Ukiona nanga kubwa ya dhahabu juu ya kauri ngumu, shuku mwigo wa karne ya 19, kama zile za Samson, kiwanda cha Paris kilichoiga kauri za kale. Sanamu nyingi za Bow na Derby hazina alama kabisa, na hilo si kasoro.

Ukitaka kumsafisha, usimloweke majini. Mimi nilimloweka kondoo niliyeachiwa na bibi yangu, gundi ya matengenezo ya zamani ikalainika, na sikio la kushoto likabaki ndani ya beseni, iliniuma sana. Sasa natumia brashi laini kavu, na penye uchafu sugu pamba iliyoloweshwa kidogo, nikikiepuka kitako kisicho na glezi, yaani lile tabaka linalong'aa kama kioo, kwa sababu hunyonya maji.